Tunaulinda Mti, Hatuulizi Bei

Ukitaka kupendwa na umma hapa Kenya, piga marufuku ukataji wa miti. Serikali ilifanya hivyo mwaka 1999, na marufuku ile ikakaa zaidi ya miaka kumi. Ikafanya tena Februari 2018, William Ruto akiwa Naibu Rais, kwa siku 90 zilizoongezwa zikaongezwa tena hadi zikawa miaka mitano. Julai 2023, sasa akiwa Rais, Ruto alisimama Molo akasema miti iliyokomaa ivunwe. Chama cha Mawakili kikakimbilia mahakamani, na mahakama ikalisimamisha tangazo hilo kwa muda. Waliofurahi wakafurahi, walioudhika wakaudhika. Ila katika zogo lote hilo swali moja halikupata mwenyewe: mti wa saiprasi uliosimama katika msitu wa Njukiri, hapa kando ya mji wa Embu, serikali inauuza kwa bei gani, na bei hiyo imepatikana vipi?

Imani iliyoenea, kuanzia bungeni hadi kwenye matatu za kwenda Runyenjes, ni kwamba adui wa msitu ni msumeno. Zima msumeno, msitu umepona. Mambo ya bei waachie makarani. Mimi nasema imani hiyo inatupofusha. Mali ya umma inayouzwa bila kipimo kimoja kinachojulikana na wote inaweza kuibwa hata siku ambayo kila hati imetiwa muhuri, na marufuku haiugusi wizi wa namna hiyo, kwa sababu haufanyiki msituni. Unafanyika kwenye karatasi.

Sisemi msumeno hauna hatia. Uchunguzi wa angani uliofanywa na Shirika la Huduma za Wanyamapori mwaka 1999 juu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare ulionyesha maelfu ya mikamfa, ile tunayoiita muthaiti, ikiwa imeangushwa pande za kusini na mashariki, yaani upande wetu huu. Mwaka uliofuata msitu wa Mlima Kenya ukawekwa chini ya ulinzi wa shirika hilo, na ilistahili. Miti ya asili kama ile haikupaswa kuuzwa kwa bei yoyote. Lakini saiprasi, msonobari na mkaratusi uliopandwa kwa mistari ni habari nyingine. Serikali ina zaidi ya hekta laki moja za miti hiyo kote nchini, na ilipandwa ili ivunwe. Saiprasi ya miaka 30 isiyovunwa haigeuki kuwa msitu wa asili. Inazeeka, inaoza moyo, inaangushwa na upepo. Maswali ya haki kuhusu mti wa namna hiyo ni matatu tu: uuzwe lini, kwa nani, na kwa kiasi gani. Mawili ya kwanza tumeyabishania robo karne nzima. La tatu tumelikalia kimya.

Tazama njia ambazo mti wa umma umepitia kumfikia mnunuzi. Kwa miongo mingi, chini ya sheria ya zamani ya misitu, bei ilipangwa na serikali na kutangazwa, ikakaa palepale huku thamani ya shilingi ikishuka mwaka baada ya mwaka. Sheria ya Misitu ya 2005 ilileta Shirika la Huduma za Misitu, KFS, lililoanza kazi mwaka 2007. Kanuni za 2009 zikafungua milango kadhaa kwa pamoja: vibali, leseni za mbao, mikataba ya muda mrefu, zabuni. Sheria mpya ya 2016 ikaja juu ya hayo yote. Mlango mmoja una orodha ya bei, mwingine una ushindani, mwingine una mazungumzo. Kuni huuzwa kwa rundo, nguzo kwa idadi na urefu, magogo ya mbao kwa mita za ujazo. Mbao zilizonaswa hupigwa mnada kwa yeyote aliyefika siku hiyo. Vitabu vya hesabu navyo vina lugha yao: kanuni ya 27 ya kimataifa ya uhasibu wa sekta ya umma inataka miti ya kupandwa ithaminiwe kwa bei ya haki ya soko, ukitoa gharama za kuiuza. Kwa hiyo mti mmoja unaweza kuwa na thamani moja kwenye orodha, ya pili kwenye zabuni, ya tatu kwenye taarifa ya fedha, na ya nne kwenye lori linaloteremka barabara ya Kibugu alfajiri.

Marufuku nazo zimezidisha giza. Ile ya 1999 iliwaruhusu Pan African Paper Mills ya Webuye, Raiply na Timsales waendelee kuvuna, huku wenye mashine ndogo za kupasua mbao wakifunga milango. Sidai kwamba kampuni hizo zilivunja sheria. Ziliruhusiwa na serikali. Ninachosema ni kwamba wanunuzi wakiwa wachache namna hiyo, hakuna bei ya soko tena. Kuna bei ya makubaliano, na mwananchi hakuwepo wakikubaliana. Nchi ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kujua mti wake una thamani gani, kwa sababu ilikuwa imewafukuza watu ambao ushindani wao ungeionyesha.

Mwaka 2018, jopokazi lililoongozwa na Marion Wakanyi Kamau wa Green Belt Movement lilitoa ripoti yake, na halikuwaonea haya wakuu wa KFS: lilieleza ufisadi uliokita mizizi ndani ya shirika. Vichwa vya habari vililichukua neno ufisadi vikaondoka nalo. Lile jambo la kuchosha, yaani jinsi miti inavyohesabiwa, inavyopimwa na kugawiwa, halikuwa na mvuto. Lakini ufisadi wa msitu hauishi hewani. Unahitaji mahali pa kujificha, na hakuna maficho mazuri kama vipimo vinne vya kitu kimoja.

Hebu tupime mti mmoja. Afisa wa misitu huzungusha tepu kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, apate kipenyo. Hukadiria urefu. Kisha jedwali humpa ujazo. Chukua saiprasi ya kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 25. Shina huwa jembamba kadiri linavyopanda, kwa hiyo tuseme linajaza sehemu nne katika kumi za mcheduara wa kimo hicho: unapata takriban mita za ujazo 1.26. Sasa tepu isome 38. Ni sentimita mbili tu, labda tepu imelegea, au mmoja amepima pamoja na gome na mwingine ametoa gome. Ujazo unashuka hadi 1.13. Kwa kuwa kipenyo huzidishwa kwa chenyewe, kosa la asilimia tano kwenye tepu linakuwa karibu asilimia kumi kwenye mti. Hekta yenye miti 300 kama huo inapoteza mita za ujazo 37, na hakuna askari wa msitu aliyelala zamu, hakuna kisiki kimoja cha ziada, hakuna ndege itakayopita juu na kuona kitu.

Kuna kosa la pili ambalo hata tepu nyoofu hailioni. Njia mojawapo ya kujua thamani ya mti uliosimama ni kuanzia mwisho: chukua bei ya mbao mjini, toa gharama za kuangusha, kubeba na kupasua, toa faida ya mpasuaji, na kinachobaki ni cha mwenye msitu. Ni njia halali, na inatumika duniani kote. Lakini ndani yake kuna tarakimu moja inayoamua kila kitu: gogo linatoa mbao kiasi gani. Mita moja ya ujazo, kama isingepoteza hata unga, ingetoa futi 847 za mbao ya sita kwa moja. Pawaso na mashine kuukuu huambulia kama theluthi. Mashine nzuri hufika nusu. Ukipiga hesabu kwa asilimia 35, mita hiyo ni futi 297. Ukipiga kwa asilimia 50, ni futi 424. Anayeweka bei ya msitu kwa hesabu ya mashine kuukuu, kisha akamuuzia mwenye mashine mpya, amemzawadia futi 127 katika kila mita ya ujazo. Hakuna aliyehongwa. Hakuna aliyeghushi. Tarakimu ilikaa kwenye jedwali na haikuulizwa.

Nenda Dallas, mtaa wetu hapa mjini Embu, usimame na seremala anayenunua mbao. Kabla ya kutoa shilingi, huinua ubao hadi usawa wa jicho aone kama umepinda. Hupapasa kifundo kwa kidole gumba. Huupima mkononi ajue kama ni mbichi, maana mbao mbichi itakauka kitanda kikiwa tayari chumbani kwa mteja, na mteja atarudi na kelele. Ndipo hutoa tepu. Muuzaji akisema futi 12, anapima. Zikiwa 11 na nusu, analipa 11 na nusu. Mtu mwenye mtaji wa vitanda viwili anaujua ubao wake kuliko dola inavyoijua misitu yake, na hili halipaswi kutuchekesha.

Wanaotetea hali ilivyo wana hoja, na ya kwanza ina uzito. Wanasema misitu hailingani: saiprasi iliyo kando ya lami huko Njukiri si sawa na ile inayofikiwa kwa matope karibu na Irangi, na muuru wa Meru, mti ambao mbao yake ina sifa kote nchini, hauwezi kuwekewa bei ya mkaratusi. Ni kweli tupu. Nami sidai bei moja. Nadai kipimo kimoja. Bei zitofautiane kwa umbali, kwa aina, kwa ubora wa shina, lakini kila tofauti iandikwe na sababu yake, na atakayeikokotoa upya apate jibu lilelile. Hoja ya kwamba misitu hutofautiana ingekuwa na nguvu kama kitu pekee kinachotofautiana kingekuwa msitu. Kinachotofautiana ni anayepima, anachopimia, na mlango ambao mnunuzi ameingilia.

Mkaratusi ndio unaonyesha jambo hili wazi kuliko wote. Viwanda vya chai vya upande huu, Mungania, Rukuriri, Kathangariri, na vile vya Meru kama Kinoro na Githongo, vinahitaji kuni ili kukausha majani. Shina lilelile la mkaratusi, likinyooka vizuri, ni nguzo ya stima. Likiwa nguzo lina thamani mara kadhaa kuliko likiwa kuni. Kuni nazo huuzwa kwa rundo, na rundo lina hewa ndani yake: mita ya ujazo ya rundo ina mbao halisi kama sehemu sita au saba katika kumi, kutegemea aliyepanga. Basi yule anayeamua kwamba shamba hili ni la kuni na lile ni la nguzo ameshapanga bei kabla orodha haijafunguliwa. Uamuzi huo unatakiwa kufanywa kwa macho ya nani, na kuandikwa wapi?

Hoja ya pili ndiyo inayogusa watu moyoni: kwamba bei ya chini ya serikali inamsaidia mwananchi wa kawaida apate mbao nafuu, na kwamba kuipandisha ni kumuua mpasuaji mdogo. Naikataa kabisa. Bei ya mbao Dallas haipangwi na kile mpasuaji alicholipa msituni. Inapangwa na uhaba, na mbao zinazovuka mpaka kutoka Tanzania, na idadi ya nyumba zinazoezekwa msimu ule. Aliyepata mti kwa nusu ya thamani yake hamuuzii seremala kwa nusu bei. Anamuuzia kwa bei ya mtaa na kuweka tofauti mfukoni. Na kitu kinapouzwa chini ya thamani yake, wanaokitaka huwa wengi kuliko kilichopo, kwa hiyo lazima pawe na foleni, na foleni lazima iwe na mlinda mlango. Mpasuaji mdogo ndiye anayesimama nyuma kabisa ya foleni hiyo. Yule mwenye jamaa ofisini haifahamu.

Kuna mtu wa tatu asiyetajwa kamwe katika hoja hiyo, na ndiye ananiuma zaidi. Ni mkulima. Tembea kutoka Manyatta hadi Nkubu uangalie mipaka ya mashamba: migrivea, ile tunayoiita mukima, imesimama mistari kwa mistari kati ya kahawa na chai. Hiyo ndiyo akiba ya karo ya watu wetu. Marufuku ya 2018 ilipofunga misitu ya serikali, wanunuzi walimiminika kwa mkulima huyu. Dalali hufika na pikipiki, hutazama mti kwa jicho, hutaja bei, na mama mwenye shamba, ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani jana kwa sababu ya karo, anakubali. Hana tepu wala jedwali, na hana bei rasmi ya kuegemea. Kama KFS ingebandika kwenye kila kituo cha misitu ujazo na bei ya kila shamba linalouzwa, mkulima wa Kithimu angekuwa na kitu cha kumwonyesha dalali. Na siku misitu ya umma inapofunguliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, ni mukima wake unaoshuka bei. Serikali inamhimiza apande, imetangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, kisha inashindana naye sokoni kwa kuuza chini ya thamani. Hakuna semina ya upandaji miti itakayofidia hilo.

Wapo pia wanaosema dawa ni mnada tu: toa miti hadharani, atakayetoa zaidi achukue, na thamani itajitokeza yenyewe. Nakubaliana nao nusu ya safari. Mnada wenye wanunuzi watano wanaofahamiana tangu shule hautoi thamani, unatoa makubaliano yao. Bila bei ya chini iliyokokotolewa kabla, kwa kipimo kinachoaminika, serikali haitajua kama imeuza au imegawa. British Columbia huko Canada walilijua hili baada ya kugombana na Marekani tangu mwaka 1982, Wamarekani wakidai kwamba bei za miti ya umma zilizopangwa ofisini ni ruzuku ya siri kwa viwanda vya Canada. Mwaka 2004, katika misitu ya pwani, jimbo hilo lilianza kuuza sehemu ya miti yake kwa mnada wa wazi, kisha kutumia matokeo ya minada hiyo kupanga bei ya miti iliyobaki. Ugomvi na Marekani haujaisha, lakini mtu yeyote anaweza kufuata hesabu kutoka mnadani hadi kwenye gogo. Huo ndio mfumo: mnada unalisha jedwali, na jedwali linaulinda mnada.

Karibu na sisi kuna onyo kali zaidi. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu biashara ya magogo kusini mwa Tanzania. Ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali ingepaswa kukusanya kutokana na miti ile yalikuwa yanapotea, na kwamba kumbukumbu za China zilionyesha mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile zilizoandikwa zikitoka Tanzania. Marufuku zilikuwepo, sheria zilikuwepo, na askari walikuwepo. Kilichokosekana ni hesabu mbili kukutanishwa mezani: kilichotoka msituni na kilicholipiwa.

Hapa kwetu hesabu hizo zinaweza kukutanishwa bila sheria mpya hata moja. Kifungu cha 201 cha Katiba kinadai uwazi katika fedha za umma, na cha 227 kinadai ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi na wa ushindani. Sioni kwa nini uuzaji wa mali ya umma udaiwe pungufu. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Vyama vya jamii vya misitu, ambavyo wanachama wake hulima mahindi na viazi kati ya miche na kuitunza hadi isimame, vina sababu kuliko mtu yeyote ya kuitumia haki hiyo. Wao ndio waliopalilia. Wanapaswa kujua kilichovunwa kiliuzwa vipi.

Barua ya kuomba habari hizo ni fupi. Iombe karatasi ya vipimo ya kila shamba lililotangazwa kuuzwa katika kituo husika: idadi ya miti, kipenyo cha kila mmoja, na kama kilipimwa pamoja na gome. Iombe jina na mwaka wa jedwali la ujazo lililotumika. Iulize shamba liliwekwa daraja gani, kuni, nguzo au mbao, ni nani aliyeamua, na tarehe gani. Iulize bei ya chini ilikokotolewa kwa kudhani gogo linatoa mbao asilimia ngapi. Iombe orodha ya walioomba, kiasi alichotaja kila mmoja, na jumla ya mita za ujazo zilizopita kwenye lango la msitu baada ya kuvuna, ziwekwe kando ya zile zilizolipiwa. Ipelekwe kwa mkono kwenye kituo cha misitu na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, na ipelekwe sasa, kabla zabuni inayofuata haijafunguliwa.